Niliita Majina Saba

Aprili 5, Jumapili ya Pasaka

Kristo amefufuka, na mimi miguu imevimba. Ndiyo malipo ya kusimama Mkesha mzima katika umri wangu.

Mkesha ulikwenda vizuri, isipokuwa mambo mawili. La kwanza ni umeme. Mvua ilipiga wakati wa Gloria, taa zikazimika, na hazikuwaka tena mpaka watu walipotawanyika. Tulibatiza kwa mwanga wa mishumaa tu. La pili ni hesabu.

Desturi yetu ni hii: natamka jina la mkatekumeni anayesubiri kubatizwa, anasimama, anajibu "Nipo", anaelekea kwenye birika la ubatizo, msimamizi wake akiwa nyuma amemshika bega. Niliita majina saba, wakaitika saba. Nilipokuwa nimeshafunga daftari nikasikia "Nipo" nyingine kutoka nyuma ya kanisa, sauti ya chini, imekauka kidogo. Nikasema moyoni ni mwangwi. Paa letu ni refu na linapenda kurudisha maneno.

Leo tukinywa chai mke wangu ananiambia, "Mwaka huu umevuna vizuri. Wanane si haba."

Nikamwambia ni saba.

"Mimi nilihesabu vichwa vilivyolowa," akasema. "Wewe ulihesabu karatasi."

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili wa ukatekista na sijawahi kukosea hesabu. Kweli walikuwa wanane mpaka wiki ya tatu ya Kwaresima, nilipomkata Dobi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anafua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikosa vipindi vitatu vya Alhamisi mfululizo, na sheria yangu inajulikana: vipindi vitatu, mstari mwekundu. Asiyekuwepo na lake halipo. Jana asubuhi mwenyekiti wa jumuiya yake alinipigia simu kuuliza kama Dobi yumo kwenye orodha yangu. Nikamjibu hayumo, nikakata simu. Nilikuwa napanga kuni za moto wa Pasaka, na kuni zenyewe zilikuwa mbichi.

Aprili 6, Jumatatu

Mvua. Nimelala.

Aprili 8, Jumatano ya oktava ya Pasaka

Baada ya Misa ya asubuhi Paroko aliniita sakristia. Padri wetu amezeeka, ni mtu wa kutafuta miwani akiwa ameivaa, nami nimezoea kumsahihisha polepole bila kumwaibisha. Akanipa kitabu cha ubatizo.

"Waandike wale wanane wako. Nataka nisaini kabla ya Pentekoste."

"Saba, Padri."

Akanyoosha mkono wake wa kulia akauangalia. "Kichwa changu kinasahau, nakubali. Mkono hausahau. Nilimwaga maji juu ya vichwa vinane."

Sikubishana. Nikabeba kitabu nyumbani, nikajaza mistari saba kwa mwandiko wangu mzuri, jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi. Kisha nikapiga mstari chini ili mtu yeyote asiongeze jina.

Aprili 9, Alhamisi

Kipindi cha kwanza cha wabatizwa wapya. Tulisoma habari ya kaburi wazi, jinsi vitambaa vilivyokutwa vimelala, na kile cha kichwani kimekunjwa peke yake. Wote saba wamehudhuria, wamekaa kwenye benchi refu la mbele, wamebanana, na mwisho wa benchi wameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mbona mmebanana hivyo na nafasi ipo?" nikawauliza.

Wakatazamana. Yule tunayemwita Mpaka Rangi kwa kazi yake ya kupaka nyumba rangi, ambaye ndiye msemaji wao, akasema, "Ya mwenzetu, mwalimu. Tulijua amechelewa."

Nikawaambia wasogee, wakasogea.

Aprili 12, Dominika ya pili ya Pasaka

Injili ya Tomaso. Kila mwaka namwonea huruma. Watu wanamwita mwenye mashaka, kumbe kosa lake ni kukosa kipindi kimoja tu. Nilikuwa karibu kuwatania wanafunzi wangu kwa neno hilo, nikaliacha.

Baada ya Misa wabatizwa walirudisha mavazi meupe. Mama Sakristia ndiye anayeyashona na kuyatunza. Ni mwanamke mwenye mdomo, na kwa miaka nimekuwa nikipita mlango mwingine ili asinishike kwa maneno. Leo hakunishika. Alinivuta mkono kimya kimya mpaka kwenye chumba cha mavazi.

"Hesabu, mwalimu."

Saba juu ya meza. La nane lilining'inia ukutani.

"Ulinipa idadi ya nane mwanzo wa Kwaresima, nikashona nane," akasema. "Ulipomwondoa mtu hukuja kuniambia nipunguze. Usiku ule niligawa yote. Giza lile, nani atazame uso? Mkono ukinyooka, natoa. Asubuhi ya Pasaka nikalikuta hili limetundikwa hapo."

Nikaligusa. Mabega yalikuwa yamelowa. Wiki nzima imepita, na mabega yamelowa. Lakini kitambaa kilikuwa kimenyooka, kola imelala sawasawa, mikunjo ya pasi inakata.

"Paa linavuja," nikasema.

"Linavuja maji, mwalimu. Halivuji krisma." Akanisogezea kola puani.

Hakuna mafuta mengine yenye harufu ile.

Aprili 14, Jumanne

Nitaandika polepole ili niandike yote.

Nilipeleka saa yangu kwa mwenyekiti wa jumuiya ya kina Dobi, yule aliyenipigia simu, ambaye ni fundi saa. Akaipokea bila kunitazama. Baadaye akasema, "Mwalimu, hukuonekana msibani."

"Msiba gani?"

"Dobi. Alifariki Ijumaa Kuu alfajiri. Tukamzika Jumamosi alasiri. Si ndiyo maana nilikupigia?"

Akaniambia yote huku akifungua saa. Dobi alikuwa mgonjwa wa figo. Alikuwa akiishi kwa mashine ya kusafisha damu, na hospitali ilimhamishia siku yake kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi. Mama yake aliomba mwanawe azikwe na Kanisa. "Ndipo nikakuuliza kama yumo. Ukasema hayumo. Basi hatukumsumbua Padri siku kubwa kama ile. Tulimfukia, mvua inatusukuma, mama yake anasali rozari peke yake."

Mkatekumeni akifa kabla ya maji, Kanisa linamzika kama mtoto wake. Nafundisha hivyo kila mwaka, somo la nne. Ingetosha awe kwenye orodha tu. Wino wangu mwekundu ndio uliomnyima sala kaburini.

Alizikwa Jumamosi alasiri. Sisi tuliwasha moto Jumamosi usiku.

Aprili 16, Alhamisi

Wamekaa wamebanana tena, mwisho wa benchi wazi. Nikawauliza kwa upole safari hii, huyo mwenzao ni nani. Hakuna anayemjua jina. Walikuwa wakisoma kwangu makundi mawili, na waligeuka kundi moja Kwaresima ilipokuwa katikati, hivyo kila mmoja alidhani ametoka kundi lile lingine.

"Siku ya Mkesha alisimama nyuma yangu," Mpaka Rangi akasema. "Tulipowasha mishumaa nilimgeukia nimpe moto, nikagusa vidole vyake. Vya moto, mwalimu, nikadhani ana homa. Uso sikuuona, alikuwa ameinama."

Niliwaambia wasogee wajaze benchi. Hakuna aliyesogea, nami sikurudia.

Aprili 19, Dominika ya tatu

Injili ya wale wawili wa njia ya Emau. Walitembea naye mchana kutwa wakimweleza habari zake mwenyewe, wala hawakumtambua. Paroko alihubiri kwamba macho yao yalifungwa na huzuni. Mimi nadhani kuna kinachofunga macho zaidi ya huzuni, nacho ni kujua sana. Kleopa alikuwa na maelezo ya kila kitu.

Mke wangu ameniuliza ninaumwa nini. Nimemwambia mgongo.

Aprili 20

Mvua bado. Nimepita sakristia. Vazi halijakauka.

Aprili 23, Alhamisi

Nafasi ile ile.

Aprili 26, Dominika ya nne

Paroko alinituma kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijijini, nikaongoze ibada, kwa kuwa barabara ni matope na goti lake halimruhusu. Injili ni ya Mchungaji Mwema, anayewaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, nao wanamfuata kwa sababu wanaijua sauti. Nimefundisha maneno hayo mara ishirini na mbili. Nilikuwa na tafakari iliyoandaliwa, kurasa mbili.

Nikafika kwenye neno "jina" nikanyamaza. Waumini wakadhani nimesahau, mama mmoja akaanzisha wimbo ili kunisitiri. Nikaimba nao. Mchungaji wa Injili huwaacha tisini na tisa akamtafuta mmoja. Mimi nilikuwa na wanane, nikamfukuza mmoja nikalala usingizi.

Nikirudi nilipita nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mlango wa chumba cha Dobi ulikuwa wazi kidogo, na ndani mtu alikuwa akipiga pasi. Nilisikia pasi ikitua, ikisukumwa, ikitua. Nikaharakisha hatua mpaka nikaingia kwenye dimbwi.

Aprili 30, Alhamisi

Nimewaruhusu mapema. Sikutazama benchi.

Mei 3, Dominika ya tano

Leo Bwana anasema nyumbani mwa Baba yake mna makao mengi. Nimekaa na daftari hili tangu saa nane mchana. Kuna mambo mawili sikuyaandika humu, na sijamwambia mtu.

La kwanza. Usiku wa Mkesha msafara ulipokwenda kwenye birika, nilikuwa wa mwisho kabisa, kama kawaida yangu. Wa mwisho mbele yangu hakuwa na msimamizi. Nikaona mgongo, kitambaa kichwani, hakuna mkono begani. Inatokea; kuna wasimamizi wanaochelewa, na katekista hushika bega kwa niaba yao. Nikaweka mkono wangu. Bega lilikuwa la moto. Si moto wa homa. Ni joto la nguo iliyotoka chini ya pasi sasa hivi, ukaivaa kabla haijapoa. Nilimshika hivyo mpaka maji yalipomwagwa, nikaona maji yakimtiririka mgongoni, na joto halikupungua. Kisha Paroko akaniomba nishike chombo cha krisma, nikauondoa mkono. Hesabu yangu haikukosea siku ile. Nilijua wako wanane. Nilichagua saba kwa sababu saba ndio walioandikwa.

La pili ni barua. Wiki moja kabla sijamkata Dobi, mama yake alikuja darasani na bahasha iliyofungwa. "Imetoka kwa binti yangu, mwalimu. Anaomba uisome." Wanafunzi walikuwa wananitazama. Nina msemo wangu, na niliutumia: udhuru hauletwi na karatasi, unaletwa na miguu. Nikamrudishia bahasha mikononi bila kuifungua. Mwanafunzi mmoja alicheka. Nami nilitabasamu, Mungu anisamehe. Yule mama aliniambia asante.

Mei 4

Nimemwambia mke wangu yote. Alisikiliza huku akichambua mboga, hakuinua uso mpaka nilipomaliza.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Sasa umesema kwangu. Mimi si mwenye mtoto."

Mei 7, Alhamisi

Nafasi iko pale. Leo nimeomba Mpaka Rangi afunge sala, kisha nikabaki peke yangu darasani. Mvua ilikuwa imekatika. Nikakaa mwisho wa benchi, pale pale. Mbao ilikuwa na joto. Nikajiambia ni jua la dirishani, nikageuka kutazama dirisha, na mawingu yalikuwa yamefunga kila upande.

Mei 10, Dominika ya sita

Sitawaacha yatima, anasema. Na mama aliyeachwa na mtoto anaitwaje? Sina neno hilo, wala sijawahi kusikia mtu analo.

Mei 14, Kupaa kwa Bwana

Nilivaa koti, nikaenda mpaka nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Pasi ilikuwa inatua na kusukumwa. Nikainua mkono nibishe hodi. Ndani mtu akakohoa, kikohozi kikavu, na ile sauti nikaijua. Ilikuwa ile ya "Nipo".

Nimekimbia. Mzee wa miaka sitini na mmoja, mwalimu wa imani, nimekimbia barabarani siku ya Kupaa, na muuza mkaa ameniuliza nani kafa.

Mei 16, Jumamosi

Nimeungama. Yaliyo ya kitubio nayaacha kitubioni, lakini Paroko aliniomba nimweleze tena nje, tukiwa tumekaa kwenye ngazi, ili aweze kunijibu kama mtu kwa mtu.

"Kwanza," akasema, "nani alikupa kalamu ya kukata? Kuandikisha ulipewa. Kukata ulijipa."

Nikakubali.

"Pili, sakramenti ni za walio hai. Wewe unajua, mimi najua. Aliyekufa Ijumaa habatizwi Jumamosi. Hamu yake ilimtosha mbele ya Mungu, ndivyo Kanisa linavyofundisha, na ningelala salama na fundisho hilo." Akavua miwani. "Lakini kuna jambo linanisumbua. Huwezi kubatiza bila jina. Wale saba ulinitajia wewe. Wa nane hukumtaja. Nikainama nikamwuliza, jina lako la ubatizo ni nani? Akaninong'oneza, nikalisema, nikamwaga maji."

"Jina gani, Padri?"

Akalitaja. Si jina la watu wengi. Dobi alilichagua mwezi wa kwanza wa mafundisho. Nilimwuliza kwa nini asichague jina jepesi, akacheka. Niliwahi kuliandika mahali pamoja tu, kwenye daftari langu la mafundisho, na tangu wiki ya tatu ya Kwaresima lina mstari mwekundu juu yake.

Padri akasema, "Mkono wangu haukukosea. Andika mstari wa nane, nitasaini. Askofu akiniuliza, atanikuta hapa. Lakini usiandike kabla hujaenda kwa mama yake. Kitabu hiki si cha kukimbilia."

Nimekuwa nikimsahihisha mtu huyu miaka kumi na moja. Nilikuwa nikipoteza wakati wangu na wake.

Mei 17, Dominika ya saba

Sikwenda. Kesho.

Mei 18

Sikwenda.

Mei 20, Jumatano

Nimekwenda. Mke wangu alinisindikiza mpaka kona akaniambia, "Ukikimbia, pita njia nyingine, hapa nimesimama mimi."

Mlango ulikuwa wazi. Chumba ni kidogo: meza ndefu ya kupigia pasi yenye blanketi lililoungua pembeni, kamba tatu za nguo juu, mafungu ya mashati yenye vipande vya karatasi vya majina. Aliyekuwa akipiga pasi ni mama yake. Macho yake yamefunikwa na ukungu. Anaifuata nguo kwa vidole vya mkono wa kushoto, pasi inakuja nyuma yake, wala hajiunguzi. Akakohoa kikohozi kikavu. Kwa hiyo Alhamisi ile ya Kupaa kikohozi kilikuwa chake. Nikafarijika, kisha nikaona aibu ya kufarijika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo ni sauti ya mwalimu." Hakuiacha pasi. "Hizi ni nguo za watu alizoziacha. Siwezi kuwarudishia wenyewe na makunyanzi. Karibu, kaa kwenye kigoda."

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yaliniruka. "Mama, mimi ndiye niliyemkata binti yako kwenye orodha. Mimi ndiye niliyesema hayumo. Alizikwa bila sala kwa sababu yangu."

Pasi ikafika mwisho wa mkono wa shati, ikarudi.

"Mimi ndiye niliyekuletea barua, nitasahau vipi?" akasema. "Nilijua ni wewe. Sikujua kama wewe unajua."

Nililia. Sina njia nyingine ya kuliandika. Alinisubiri nimalize kwa subira ya mtu anayengoja maji yachemke.

"Na mimi nina langu," akasema. "Siku ile nilipotoka kwako, alikuwa amelala pale. Akaniuliza, mwalimu amesemaje? Nikamdanganya. Nikamwambia umeisoma, umesema sawa, hakuna neno. Alifurahi hata akala. Mpaka anakata roho alijua yumo. Ijumaa ile alfajiri aliniomba nimnyooshee nguo ya kesho. Nimekaa na uongo huo tangu Pasaka, mwalimu, nami sijui ni dhambi au si dhambi."

Nikamwambia, kwa imani yangu yote, kwamba dhambi ya barua ile ilikuwa na mwenyewe, naye amekaa kwenye kigoda.

Akapapasa chini ya blanketi la meza akatoa bahasha. Ilikuwa imefungwa bado, imepigwa pasi pamoja na nguo hata ikawa kavu na ngumu. "Mimi sioni. Majirani sikutaka wajue mambo yake. Nisomee."

Nikaifungua. Nimeomba ruhusa ya kuinakili humu, naye amenipa.

"Mwalimu, shikamoo. Alhamisi wamenihamishia mashine na wamekataa kunibadilishia. Sikimbii mafundisho. Somo la nne nimelisoma mwenyewe mara tatu. Naomba usinikate. Tena nina shida ndogo, yule dada aliyekubali kunisimamia amehama, na sina mwingine. Kama hutachukia, siku yenyewe unishike bega wewe. Nikichelewa msinisubiri, anzeni tu. Nitaingia nisimame mwisho wa mstari."

Nilisoma mara moja, akaniomba nirudie. Mara ya pili nilishindwa kwenye neno "bega", nikamweleza kwa nini. Nilimweleza usiku ule wote, mwangwi, mkono wangu, joto, maji mgongoni, jina alilolisikia Padri. Sikupunguza kitu na sikuongeza.

Aliweka pasi wima. Akaja mpaka nilipokaa, akautafuta mkono wangu wa kulia, akaushika kiganjani kwa muda mrefu akiupapasa kama anavyopapasa nguo.

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," akasema. "Akimaliza kupiga pasi, hata ukimkumbatia unaungua."

Mei 21, Alhamisi

Kipindi cha mwisho. Niliwaambia wale saba mwenzao ni nani na nilimfanya nini. Mpaka Rangi aliinamisha kichwa. Hakuna aliyeniambia neno la kunifariji, na sikustahili.

Mei 24, Jumapili ya Pentekoste

Upepo tangu alfajiri, mvua imekoma. Mama yake Dobi alikuja Misa ya pili, mke wangu akiwa amemshika mkono. Baadaye tukaingia sakristia: Paroko, Mama Sakristia, sisi watatu. Vazi la ukutani lilikuwa limekauka. Mama Sakristia alianza kulikunja bila kusema kitu, na kwa mwanamke yule huo ni muujiza wa pili wa mwaka.

Nikafungua kitabu cha ubatizo. Niliufuta ule mstari wa kufungia niliouchora Aprili, nikaandika mstari wa nane. Jina lake, lile gumu alilolichagua. Jina la mama yake. Tarehe ya Mkesha. Paroko akasaini, akapuliza wino.

Mama akaniomba nimwongoze kidole juu ya mstari, nimwambie kila neno lilipo. Tukaenda polepole. Kidole kikafika mwisho.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Msimamizi."

"Umeandika nani?"

"Mimi, mama."

Hakukiondoa kidole. Mama Sakristia aliacha kukunja. Nikadhani nimevuka mpaka, na kwamba sasa atasema lile ambalo siku zote hizi alikuwa na haki ya kulisema.

"Basi wewe ni mzazi mwenzangu," akasema. "Na mzazi mwenzangu tangu Pasaka hajafika kwenye kaburi la mwanetu. Mvua imeliotesha majani mpaka magotini, nami sioni pa kushika. Padri atatangulia na maji ya baraka. Wewe nenda nyumbani ukavue hilo koti, uje na jembe."

Nikaenda kuchukua jembe.